Miguu Minne ya Mjomba Ramazani

Kabambare, tarehe 6 mwezi wa tatu, 1938

Kwa mpwa wangu Alimasi, karani wa pamba huko Kasongo,

Salamu zikukute mzima, wewe na wote unaokula nao sahani moja. Sisi huku tunaendelea. Mvua imebomoa jiko letu, tumelijenga tena. Mwanangu Abedi sasa ni mtu mzima, anazunguka na chumvi kutoka Lusangi mpaka huko kwenu, na kila akirudi ana kofia mpya. Mama yako bado yuko Wamaza kwa dada yako Zaina. Anakusalimu sana, anauliza kama bado unalala bila kula.

Mguu wangu wa kushoto, ule ulioangukiwa na mti tulipokuwa tunafungua barabara, sasa umekataa kabisa. Nafika msikitini kwa fimbo mbili, na mara nyingi nakuta watu wanatoka. Vijana wa jirani wamekuja kuniambia, "Baba Ramazani, sisi tuko na mabega. Kwa nini unateseka? Tutakubeba mu kipoi." Nimewashukuru, nikawafukuza. Unajua ujana wangu wote niliumaliza chini ya kipoi. Kiti katikati, miti miwili, Mzungu juu, sisi chini, kutoka huku mpaka Kasongo. Bega langu la kulia lina kovu mpaka leo. Niliapa kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayenibeba mimi. Nitabebwa siku ya jeneza, na siku hiyo sitakuwa na la kusema.

Basi nataka farasi. Usicheke. Abedi amesikia kwamba Mzungu mmoja mwenye shamba karibu na mto anarudi kwao na anauza farasi wake wawili. Nimeuza mbuzi wote. Pesa atakukabidhi Mzee Michel mwenye kamyo, lile lori la mizigo.

Sasa nisikilize. Sijawahi kuwa na farasi, lakini nilipokuwa mtoto niliona punda wa Waarabu wakifika kutoka ziwani wamenona, na hawamalizi mwaka, mbung'o wamewaua. Waliobaki ni wale wabaya wabaya wenye mbavu nje. Kwa hiyo usimchague kama unavyochagua mchumba. Uliza yupi amekaa huku siku nyingi. Mwinue miguu mmoja mmoja. Akikuachia kwato bila kukupiga teke, huyo ni wangu, maana mwenye mguu mmoja hawezi kugombana na mwenye minne. Ukishampata, usimpeleke mtoni. Mchotee maji. Mbung'o wanakaa kwenye miti ya mto.

Na neno la mwisho. Najua wewe ni mpwa na mila inakuruhusu. Ulichukua kuku wangu, ukachukua kofia yangu ya Idi, ukachukua mwavuli, na mimi sikusema kitu, kwa sababu mpwa akichukua kwa mjomba wake watu wanacheka tu. Farasi huyu mtoe katika mila. Huyu ni miguu yangu.

Mjomba wako,
Ramazani


Kasongo, tarehe 28 mwezi wa tatu, 1938

Salaam alaikum Mjomba,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi. Mimi mzima, kazi ni ile ile, kupima pamba na kuandika. Mwambie mama nakula vizuri. Hapa mjini wameanza kujiandaa kwa Maulidi ingawa bado ni mbali. Ngoma za dufu zinapigwa kila Alhamisi.

Mjomba, farasi umempata! Laiti ungemwona. Ni mwekundu, rangi ya udongo wa matofali, kijana, ana soksi nyeupe miguu yote minne na nyota kwenye paji. Mzungu alimleta mwaka jana kutoka milimani Kivu. Akitembea, watu wanatoka madukani. Kuna tandiko zuri pia, la ngozi, na hatamu zake.

Yule mwingine, wa kijivu, nilikuta ameshachukuliwa. Hata hivyo alikuwa mzee, mgongo umebonyea, mkia umeliwa na panya. Usingempenda.

Huyu mwekundu nilimwinua miguu kama ulivyoniagiza. Alinipiga teke mara moja tu, kidogo. Najifunza kumpanda ili nimfundishe kabla ya kumleta kwako.

Mpwa wako mtiifu,
Alimasi


Kabambare, tarehe 17 mwezi wa nne, 1938

Mpwa wangu,

Tumefurahi kupata habari zako. Huku mahindi yamekomaa. Mke wangu anaumwa jino na hataki kung'olewa, kwa hiyo nyumba nzima inaumwa jino.

Kutoka milimani Kivu, unasema. Haya. Kama wa kijivu alikwisha chukuliwa, hukuwa na njia nyingine, na mimi nimeshukuru. Kuhusu lile teke dogo tutazungumza yeye na mimi.

Namtuma Abedi amchukue. Atamwongoza kwa mkono, mapema asubuhi, kwa barabara kubwa. Mpe na tandiko.

Mama yako ameambiwa habari za farasi na amekuwa kama mtoto. Kila mtu akitoka Wamaza ananiletea swali lake: farasi anakula nini? Analala amesimama? Anaogopa kuku? Nimemjibu kwamba anakula mahindi. Mimi nitaanza kwa kwenda msikitini Ijumaa, halafu labda nitamtembelea yeye. Sijamwona dada yangu tangu mvua za mwaka jana. Si jambo la haraka, lakini Abedi asikae Kasongo.

Ramazani


Kasongo, tarehe 29 mwezi wa nne, 1938

Salaam alaikum Mjomba,

Natumaini jino la mkaza mjomba limepoa. Mimi mzima.

Abedi amefika salama, na anarudi na barua hii mkono mtupu, usimlaumu. Farasi ameumia kwato la mbele, amekanyaga jiwe. Nimemwona fundi mmoja, amesema apumzike wiki mbili tatu, njia ya kuja huko ni ndefu na ina mawe. Nilitaka Abedi angoje lakini wenzake wa chumvi walikuwa wanaondoka.

Nitamtuma mwenyewe mara atakapopona. Usiwe na wasiwasi, namtunza kuliko ninavyojitunza.

Alimasi


Kabambare, tarehe 19 mwezi wa tano, 1938

Mpwa wangu Alimasi,

Salamu. Jino limeng'olewa. Mvua zinamalizika, vumbi limeanza.

Abedi amerudi. Nilimuuliza habari za kwato. Akaniambia, "Baba, ule farasi haiko na kidonda. Niliiona inaruka-ruka mu kiwanja, Alimasi iko juu." Nikamwambia labda lilikuwa linapona mbele ya macho yake. Mungu ni mkubwa, kuna kwato zinazopona upesi hivyo.

Pia msafiri mmoja aliyesoma Maulidi huko kwenu ametusimulia kwamba mbele ya msafara wa mwaka huu kulikuwa na kijana juu ya farasi mwekundu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na watoto wanamkimbilia. Hakumjua jina. Mimi pia sikumtajia.

Sikuulizi kitu. Wewe ni mpwa. Ila sasa Maulidi imepita, mlete.

Mama yako amepungua kidogo. Ni joto, na hataki kula mboga za Zaina. Usijali.

Ramazani


Kasongo, tarehe 5 mwezi wa sita, 1938

Salaam alaikum Mjomba,

Barua yako imenifika nikaikunja na kuiweka chini ya mto, nikashindwa kulala juu yake.

Ni kweli. Ni mimi niliyekuwa juu ya farasi. Nilijiambia ni siku moja tu, na kwamba mpwa ana haki, na wewe mwenyewe ungecheka. Kila siku hapa mimi ni yule karani anayesema mzani umesema nini, na wakulima wananitazama kama ni mimi niliyeupindisha. Siku ile watu walisema, "Angalia Alimasi! Kumbe iko mutu mukubwa!" Nilisikia vizuri sana, Mjomba. Hilo ndilo baya, nilisikia vizuri.

Farasi amechoka kidogo baada ya sherehe, manyoya yamesimama. Namlisha vizuri, anakula sana. Akipata nguvu ataondoka na kamyo ya Mzee Michel.

Umesema mama amepungua. Amepunguaje? Niambie.

Alimasi


Kabambare, tarehe 20 mwezi wa sita, 1938

Alimasi,

Tu wazima.

Mlete farasi. Hata akiwa amechoka, mlete. Usiniulize habari za mama yako, niulize habari za farasi, nami nitakujibu kwamba sijamwona.

Ramazani


Kasongo, tarehe 30 mwezi wa sita, 1938

Mjomba wangu,

Salamu. Sijui niandike nini kwanza, kwa hiyo naandika lililo kubwa. Farasi amekufa. Amekufa jana asubuhi uani kwangu.

Alianza kuvimba chini ya tumbo. Macho yakatoa machozi mazito. Alikuwa anakula kutwa na huku anakonda mbele yangu, mpaka miguu ya nyuma ikawa inayumba kama ya mlevi. Mganga wa mifugo wa Wazungu alipita, akamtazama kutoka kwenye ukuta, akasema neno moja, "Mbung'o," akaenda zake. Majirani walinisaidia kuchimba shimo. Tulichimba mpaka tukavua mashati.

Sasa nikuambie yote, kwa sababu yaliyobaki ni hayo tu. Wa kijivu hakuwa amechukuliwa. Alikuwa amesimama pale pale pembeni ya yule mwekundu. Mzungu mwenyewe aliniambia amekaa naye tangu alipofika nchi hii na hajawahi kumwona anaumwa. Nilimwinua miguu yote minne, akaniachia kama mtu anayevuliwa viatu. Nikajua huyu ndiye uliyemwagiza. Halafu mwekundu akageuza kichwa, jua likampiga kwenye ile nyota, nikaona nafsi yangu juu yake barabarani. Nikamchukua mwekundu.

Na nilimpeleka mtoni. Kila jioni kabla ya Maulidi nilimwogesha chini ya ile miti ili ang'ae. Mbung'o walikuwa wanamkaa mgongoni, nikawa nawapiga kwa taulo na kuimba.

Yule wa kijivu alinunuliwa na wanaochota maji ya kambi ya wajenzi. Yuko hai. Namwona anapita na mapipa mbele ya ghala letu, na kila akipita naangalia mzani.

Mbuzi zako zote, Mjomba. Miguu yako. Nitalipa, hata ikinichukua umri wangu. Nieleze namna.

Alimasi


Kabambare, tarehe 3 mwezi wa saba, 1938

Kwa Alimasi mwana wa Aziza,

Kaa chini kabla ya kusoma. Kama uko ghalani, kunja barua hii uisome nyumbani.

Mama yako ametutoka. Ilikuwa Jumatatu kabla ya adhuhuri, akazikwa Wamaza alasiri ile ile, nyuma ya shamba la Zaina. Mungu amlaze pema.

Alikuwa anaumwa tangu mwezi wa pili. Tumbo. Nilijua, Zaina alijua. Alitukataza kukuandikia. Alisema uko kwenye mkataba, ukisikia utakimbia, na ukikimbia watakufunga, kama walivyomfunga baba yako alipoacha kazi ya barabara kwenda kumzika ndugu yake. Alisema, "Nikiona mutoto wangu mu minyororo, njo nitakufa kweli." Tukamtii. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia habari za joto na za mboga.

Ndiyo maana pia nilitaka farasi. Msikiti ulikuwa maneno ya kukutuliza tu. Dada yangu alikuwa ameniita, alitaka tukae pamoja siku chache, tukumbuke ujinga wetu wa utotoni kabla hajaondoka.

Habari ziliponifikia kwamba amezidiwa nilipanda kipoi. Ndiyo, mimi. Vijana wanne, na Abedi akiwapokea. Nilifumba macho njia nzima ili nisione shingo zao. Tulipofika, watu walikuwa wameshazika na kunawa mikono.

Zaina ananiambia mpaka siku ya mwisho alikuwa anauliza, "Farasi ya kaka ilisha kufika?" Chini ya kitanda chake tumekuta kikapu cha mahindi makavu, ameyapukuchua mwenyewe.

Sijui farasi yuko wapi wakati huu. Kama ameshaondoka Kasongo, mwambie anayemwongoza aje polepole. Hakuna haraka tena.

Ramazani


Kasongo, tarehe 24 mwezi wa saba, 1938

Mjomba,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako ilifika wakati mimi nangoja unitukane kwa sababu ya farasi.

Nimeomba ruhusa ya kuja kwenye arobaini. Wamesema mpaka pamba iishe. Nilimwambia mkuu wa ghala kwamba ni mama yangu mzazi, akaniuliza kama hajazikwa, nikasema amezikwa, akasema basi.

Nimehesabu kila kitu kichwani na kila hesabu inarudi kwangu. Ningemchukua wa kijivu, ungefika Wamaza kabla ya mvua kuisha. Ningempa Abedi hata yule mwekundu siku ile alipokuja, ungefika. Mngekaa mkacheka. Kwa ajili ya kanzu iliyopigwa pasi nimemnyima mama kaka yake.

Watu wa hapa wamekuja kunipa pole na kila mmoja ananikumbusha jinsi nilivyopendeza Maulidi. Wanadhani wananifariji.

Nina ombi moja. Najua ukinijibu utanijibu kama mjomba. Utasema mpwa kachukua, basi, imekwisha. Usifanye hivyo, nakusihi. Mara hii moja usinihesabu kama mpwa. Nihukumu kama mtu baki aliyekuibia. Nipeleke kwa shefu akate kesi, nidai mbele ya watu, nitangaze. Kusamehewa kwa mila siwezi kukubeba.

Alimasi


Kabambare, tarehe 14 mwezi wa nane, 1938

Kwa Alimasi, mpwa wangu,

Salamu zangu na za mke wangu, na za Abedi ambaye bado amekukasirikia na bado amekuwekea kofia. Arobaini tumeisoma. Watu walikuwa wengi kuliko wali. Zaina alilia akaishiwa sauti, sasa anaongea kwa mikono, na watoto wake wanamcheka naye anacheka.

Barua yako ya farasi ilinikasirisha sana, nisikufiche. Nilipofika mahali unapowapiga mbung'o kwa taulo na kuimba, niliitupa barua uani. Kuku wakaikanyaga. Jioni nilimtuma mtu aniokotee.

Sasa na mimi nikuambie, maana wewe umejivua nguo na mimi bado nimevaa. Vijana wale walikuja kwangu mara mbili dada yangu akiwa hai, tena anaongea, tena anakula. Kipoi kilikuwa kimeegemea ukuta wa jirani. Nilikuwa na safari mikononi mwangu mwezi wa tatu, na mwezi wa nne, na mwezi wa tano. Nikasema hapana, nimeapa, nangoja farasi. Usiku nilijisifu moyoni kwamba mimi ni mtu wa neno lake. Halafu mwishoni nikapanda kile kile kipoi, mabega yale yale, kiapo kikavunjika, na yeye sikumkuta. Kwa hiyo usijibebeshe yote peke yako. Wewe ulikuwa juu ya farasi, na mimi nilikuwa juu ya kiapo changu.

Umeniomba nikuhukumu kama mtu baki. Nimelifikiria kwa haki. Siwezi. Mtu baki ningemdai farasi. Wewe nakudai mgongo.

Nikueleze. Pale Wamaza kipoi kinaishia barabarani. Kutoka hapo ni kijia cha mguu mmoja katikati ya migomba, kinashuka, kuna kijito, kinapanda. Miti ya kipoi haipiti. Siku ile vijana walisema watanibeba mgongoni, mmoja mmoja kwa zamu. Nikakataa. Nilikuwa nimewatia aibu mabega yao, nisingeweza kuwatia na migongo. Wakaniweka chini kando ya barabara, nikakaa, nikalitazama kaburi la dada yangu kutoka mbali, udongo mwekundu kati ya majani. Nikarudi hivyo. Mpaka leo mimi sijafika kwake.

Pamba ikiisha, omba ruhusa. Wakikunyima, omba tena, usikimbie, usimtie mama yako hofu hata huko aliko. Ukija pitia kwanza hapa kwangu, tuende pamoja. Mpaka barabarani nitakwenda kwa njia nitakayoijua mwenyewe. Kutoka barabarani utainama, nitapanda, na utanibeba mpaka kwake. Mahindi yake nitayashika mimi mkononi, tuyapande pale.

Kula vizuri kabla ya kuja, mimi ni mzito. Na ukichoka pale kijitoni, usiniweke chini.

Mjomba wako,
Ramazani